Onyesheni njia: barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima na wakuu wa kampuni za bima

Kwa Ndugu Kamishna wa Bima, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania,
na kwa wakurugenzi na mameneja wa madai wa kampuni za bima zilizopo Dar es Salaam.

YAH: FIDIA YA PAA LILILOEZULIWA NA UPEPO, NA HESABU ISIYO NA NJIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, mkazi wa Kinyerezi, upande wa njia ya kwenda Bonyokwa. Kwa miaka kumi na tisa nimewaambia wanafunzi wangu neno lilelile kabla ya kila mtihani: onyesha njia. Jibu peke yake halinitoshi. Mtoto akiniandikia 2,399,000 chini ya swali, bila mstari hata mmoja wa kunionyesha kaipataje, simpi alama. Mimi sitajua alipokosea, na yeye hataweza kujisahihisha.

Mwezi Juni mwaka huu nilipokea barua kutoka kampuni yangu ya bima. Ilikuwa na aya tatu fupi, mhuri, sahihi na jibu: shilingi 2,399,000. Njia haikuwemo. Hasara niliyoipeleka kwao ilikuwa shilingi 11,850,000.

Kampuni hiyo siitaji jina. Malalamiko yangu nimeyafikisha kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na kilichoko mezani kwake nakiacha aamue mwenyewe. Ninaloliandikia hapa limezidi paa langu. Tangu Aprili nimekaa kwenye viti vya kusubiria pamoja na watu wa Tabata, wa Mbagala, wa Goba, kila mmoja ameshika karatasi yake, na karatasi zote zina ugonjwa mmoja. Kuna jibu, njia hakuna.

Usiku wenyewe sitaurefusha. Masika yalikuwa yamekolea, saa nane usiku, umeme umekatika. Upepo ulitangulia mvua. Kwanza tulisikia bati moja juu ya chumba cha watoto likipiga pigo moja moja, kama mtu anayepiga debe kwa kiganja. Kisha mapigo yakafuatana. Kisha ukaja mlio wa misumari kung'oka kwenye mbao, mlio ambao sikuwa nimewahi kuusikia, na sasa hata usingizini nautambua. Nilipofungua mlango wa sebule niliangalia juu nikaona mawingu. Tuliwabeba watoto na mama mkwe hadi jikoni, ambako paa lilikuwa limebaki, tukakesha tumesimama, maji yakitupita miguuni.

Kulipokucha tulihesabu. Bati 28 za mita nne nne zilikuwa zimeondoka. Nyingine tulizikuta juu ya mwembe wa jirani, nyingine bondeni zimejikunja kama karatasi. Kenchi mbili, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimepasuka, papi za kupigilia bati zimening'inia, fishabodi za ukingoni na gata za kukinga maji za upande huo ziko chini. Dari ya sebule na ya vyumba viwili ilikuwa imelala juu ya makochi na vitanda.

Naomba wakubwa mnivumilie hapa niwaeleze upepo unavyoezua nyumba, maana nusu ya ugomvi wetu imeanzia kwenye jambo hili. Mtu asiyelijua anadhani upepo unasukuma bati. Upepo unalinyonya. Ukipita kwa kasi juu ya paa, mgandamizo wa hewa juu unapungua kuliko ule wa ndani ya nyumba, na paa linavutwa kwenda juu. Mvuto huo ni mkali zaidi pembezoni, kwenye kona na karibu na kofia, pale kileleni mwa paa. Bati la kwanza likishang'oka, upepo unapata mlango, unaingia chini ya yale mengine na kuyainua kwa ndani. Kwa hiyo bati lililobaki juu si lazima liwe zima. Limenyanyuliwa na kurudi, limenyanyuliwa na kurudi, pengine mara mia kabla upepo haujatulia.

Fundi wetu, mtu aliyepaua nyumba hii mwaka 2017, alipanda asubuhi ileile akaniita nami nipande. Alinionyesha bati 14 zilizobaki upande uleule. Kwa chini zilionekana nzuri kabisa. Akaniambia, "Mwalimu, weka kidole hapa." Tundu la msumari, ambalo linatakiwa liwe la duara na limeukaba msumari, lilikuwa limevutika likawa refu kama punje ya mchele. Msumari ulicheza ndani yake, nikauchomoa kwa vidole viwili bila nyundo. Tukaenda bati la pili, la tatu, la kumi na nne, hali ni hiyohiyo. "Hizi zimeshakufa, zimesimama tu," akasema. Ndiyo maana makadirio yetu yana mita 168 za bati: 112 zilizoondoka na 56 zilizosimama zikiwa zimekufa.

Mkaguzi wa hasara, asesa kama tunavyomwita, alifika siku ya kumi na mbili. Kabla ya hapo, asubuhi ya kwanza nilipopiga simu kutoa taarifa, niliambiwa nisiguse kitu chochote mpaka mkaguzi aone. Nikatii. Siku ya tisa mvua nyingine ikanyesha, maji yakapita pembeni ya turubai nililolinunua Kariakoo, na dari ya chumba cha tatu ikaanguka. Naomba mlikumbuke hili, nitalirudia.

Kijana wa watu alikuwa na heshima zake, alinisalimia vizuri, akapiga picha kwa simu akiwa amesimama uani. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, fundi ameishika. Hakupanda. Alikaa kwetu kama dakika ishirini. Nilipomwomba apande aone matundu ya misumari alijibu, "Mama, picha zinatosha, ofisi itafanya hesabu." Simlaumu sana yeye, nadhani siku ile alikuwa na nyumba nyingine nyingi za kukagua. Lakini wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mkaguzi anateuliwa na kampuni, analipwa na kampuni, anapeleka ripoti kwa kampuni, na mwenye nyumba haioni. Leseni yake anapewa na wewe, Ndugu Kamishna. Kwa sababu hiyo nimeanza na jina lako.

Barua ilipokuja na jibu lake niliomba ripoti. Nikaambiwa ni siri ya ofisi. Nikaenda mara ya pili, ya tatu. Mara ya tatu nilibeba kipande cha bati langu ndani ya kiroba, nikakiweka juu ya kaunta ya madai. Nilikuwa nimesikia kutoka benki iliyoniuzia bima hiyo kwamba bati zangu zimehesabiwa kama geji 30, nami paa langu ni geji 28, na risiti ya mwaka 2017 ninayo. Anayejua bati anajua kwamba namba ikipungua bati linakuwa nene zaidi, na bei inapanda. Binti wa kaunta alilishika, akaligeuza, akasema, "Mwalimu, mimi si fundi." Ni kweli, si fundi. Nikamwomba amwite aliye fundi. Hakuwepo ofisi nzima.

Mara ya nne nilimkuta ofisa mwingine, mtu mzima, ambaye alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha, bila kusema neno, akaigeuza skrini ya kompyuta yake ikanielekea. Nilikuwa na stakabadhi ya daladala mkononi. Nikainakili hesabu yote nyuma yake kwa mwandiko mdogo. Namshukuru mtu yule. Kwa nini lakini nipate kwa huruma ya mtu mmoja kitu ambacho ni haki yangu?

Nilichokinakili ni hiki. Bati mita 112 kwa shilingi 15,500, ambayo ni bei ya geji 30, jumla 1,736,000. Mbao 480,000. Dari ya vyumba viwili 1,150,000. Ufundi 800,000. Mengineyo 294,000. Jumla ndogo 4,460,000. Kisha mstari mmoja: toa uchakavu asilimia 35, yaani 1,561,000. Inabaki 2,899,000. Kisha toa 500,000 ya ekses, ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima anajibebea. Jibu 2,399,000.

Sasa njia nimeiona, na ninaweza kuisahihisha kama ninavyosahihisha daftari.

Bati. Mita 168 za geji 28 kwa bei ya dukani wiki ile, shilingi 22,000 kwa mita, ni 3,696,000. Wao wameandika 1,736,000. Kwenye mstari huu peke yake zimepotea shilingi 1,960,000, sehemu kwa sababu mtu hakupanda ngazi, na sehemu kwa sababu hakuna aliyepima unene wa bati. Dari nimeshaisema: sebule haimo kabisa kwenye hesabu yao, na chumba cha tatu kimekatwa kwa maelezo kwamba "uharibifu uliongezeka kwa uzembe wa mwenye bima". Mtu aliyeambiwa asiguse kitu, akatii, anaitwa mzembe kwa kutii. Hilo liliniumiza kuliko fedha.

Halafu uchakavu, na hapa naomba tukae kidogo.

Uchakavu upo, sibishi. Bima ya mali inasimama juu ya msingi unaojulikana: mtu arudishwe alipokuwa dakika moja kabla ya hasara, asipate faida wala asibaki na pengo. Ipo pia bima inayoahidi kujenga upya bila kukata umri wa kitu, na ada yake ni kubwa zaidi. Yangu, nilipoisoma hatimaye, inasema kampuni ina hiari ya kulipa fedha, kukarabati au kujenga upya. Neno uchakavu limo mara moja. Asilimia 35 haimo popote. Nimeitafuta ukurasa kwa ukurasa.

Basi nimejaribu kukisia ilikotoka, kama ninavyofanya kwa daftari la mwanafunzi aliyeficha njia. Paa lina miaka minane. Asilimia 35 kwa miaka minane maana yake paa zima linaisha thamani kabla ya kutimiza miaka 23. Shule ninayofundisha ina madarasa yaliyoezekwa bati kabla mimi sijaajiriwa, na bati hizo ziliponyeshewa masika haya hazikuvuja. Aliyeipanga hiyo 35 alitumia jedwali gani? Bati la aina gani, la pwani au la bara, lililopakwa rangi au tupu? Kama jedwali lipo, liwekwe wazi kila mtu alisome kabla ya kulipa ada. Kama halipo, basi namba hiyo imetoka hewani.

Na hata jedwali likiwepo, angalieni ilivyotumika. Asilimia 35 imekatwa kwenye jumla yote, na ndani ya jumla hiyo kuna shilingi 800,000 za ufundi. Wamekata shilingi 280,000 kwenye ujira wa fundi. Ndugu zangu, jasho la fundi halichakai. Fundi atakayepanda juu ya nyumba yangu mwezi huu atatoa nguvu za mwezi huu na kudai ujira wa mwezi huu. Hawezi kuniambia, kwa kuwa kenchi zako ni za 2017, nitapiga nyundo kwa theluthi mbili ya bei. Misumari nayo ni mipya. Dawa ya mbao ni mpya. Mbao, ambazo nyingi zinatufikia Buguruni kutoka Mafinga, hazina bei ya mbao zilizotumika miaka minane.

Lipo jingine. Nyumba imekatiwa bima ya shilingi 95,000,000. Ada ni asilimia 0.15, yaani 142,500, na juu yake VAT ya asilimia 18, jumla 168,150 kila mwaka. Nimelipa mara nane, shilingi 1,345,200, na haikupungua hata senti moja kwa sababu ya umri wa nyumba. Wakati wa kupokea ada, paa langu lilikuwa jipya kila mwaka. Usiku wa upepo likazeeka miaka minane kwa mpigo. Kama umri unakatwa kwenye fidia, ukatwe na kwenye ada.

Kwa haki, ekses sijaipinga. Ilikuwa kwenye karatasi ya kwanza niliyosaini: asilimia 10 ya madai, isipungue shilingi 500,000. Kwa makadirio yetu asilimia 10 ni 1,185,000. Niitoe, inabaki shilingi 10,665,000. Hiyo ndiyo ninayodai, kamili, na njia yake nimeiambatanisha mstari kwa mstari, na risiti, na picha za matundu ya misumari zenye rula pembeni.

Nilipoyasema haya ofisini, meneja mmoja aliniambia kwa sauti ya upole, "Mwalimu, ukiendelea kusumbua tutaangalia kama nyumba yako ilikatiwa bima kwa thamani kamili." Wananchi wengi watakaoisoma barua hii ya wazi hawatalielewa tishio hilo, nami sikulielewa siku ile, kwa hiyo nalieleza. Kuna kanuni ya uwiano. Nyumba yenye gharama ya kujengwa upya shilingi milioni 120 ikikatiwa bima ya milioni 90, imekingwa robo tatu tu. Hasara ya milioni nane italipwa milioni sita, robo nyingine anaibeba mwenye nyumba. Kanuni yenyewe ni ya haki. Asiyelipia ulinzi kamili hawezi kudai ulinzi kamili. Lakini ile milioni 95 si mimi niliyeipanga. Iliandikwa na mthamini aliyeletwa na benki mwaka 2018 nilipochukua mkopo wa kumalizia nyumba, ikaendelea kunakiliwa kila mwaka, na saruji na nondo zikipanda bei hakuna aliyenipigia simu kuniambia nirekebishe. Kanuni ya haki ikigeuzwa fimbo ya kumnyamazisha anayeuliza, inakuwa kitu kingine. Naomba kila barua ya kuhuisha bima ianze na swali moja: je, kiasi hiki bado kinatosha kuijenga nyumba yako leo?

Na hizo karatasi zenyewe. Mwaka 2018 nilipewa ukurasa mmoja, cheti. Mkataba kamili wa kurasa arobaini na moja niliupata baada ya upepo, nilipouomba kwa barua. Umeandikwa kwa Kiingereza tupu, herufi ndogo. Mimi nafundisha hesabu kwa Kiingereza na bado vifungu vingine nilivisoma mara tano. Jirani yangu anayepika chakula pale kituoni, ambaye naye amekatiwa bima kupitia mkopo wake, afanyeje? Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Hakimu anasikiliza kwa Kiswahili, mbunge anatunga kwa Kiswahili, na mama anayelipa ada kwa fedha za chapati anafungwa na mkataba asioweza kuusoma. Ndugu Kamishna, hapa sioni hata pa kujadiliana: hakuna bima ya nyumba iuzwe kwa mtu wa kawaida bila mkataba kamili wa Kiswahili mkononi mwake siku ya kulipa.

Kuhusu benki nitasema kidogo tu. Bima niliuziwa kwenye dirisha la mkopo, nikaambiwa bila hiyo mkopo hautoki. Nilipopata hasara niliambiwa niende kampuni, wao hawahusiki na madai. Anayepokea kamisheni ya kuuza anapaswa kuniongoza wakati wa kudai.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni karatasi ya mwisho, ile wanayoiita dischaji. Ili nipate hata hizo 2,399,000 ambazo kampuni yenyewe imekiri kwa maandishi kwamba inadaiwa, lazima nisaini kwamba nimezipokea kama malipo kamili na ya mwisho, na kwamba sitadai tena popote. Sikusaini. Tangu Juni sijapata senti. Fikirini mtu ambaye hana SACCOS. Watoto wanalowa, mvua inakuja, mbele yake kuna milioni mbili na kalamu. Atasaini. Jirani zangu wawili wa benchi walisaini mbele yangu, mmoja akilia. Dhiki yao ndiyo iliyosaini.

Mimi nilikopa milioni tatu SACCOS ya walimu. Zimerudisha kenchi na bati za upande wa vyumba vya watoto. Sebule iko chini ya turubai, na mama mkwe, ambaye ana pumu, analala kwa dada yangu Segerea tangu Mei kwa sababu ya ukungu ulioota ukutani.

Upepo si jambo jipya kwenye pwani hii kiasi kwamba kampuni ziseme zimeshtukizwa. Unguja ilipigwa na kimbunga Aprili 1872, mikarafuu ikalala mashamba kwa mashamba. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Mei 2024 tulikaa tunafuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa saa baada ya saa Kimbunga Hidaya kikija upande wa Mafia. Na katikati ya hivyo vyenye majina kuna pepo zisizo na jina kama ule wa kwetu, zinazoshuka na wingu la mvua ya radi, zinapita mtaa mmoja na kuuacha wa pili. Kampuni iliponiambia kwamba nyumba ya jirani haikuezuliwa, kwa hiyo yangu lazima ilijengwa vibaya, ilisahau jinsi pepo hizo zinavyopita. Huo mwembe uliobeba bati zangu nao ulivunjika tawi nene kuliko kiuno changu.

Ndugu Kamishna, ninayokuomba yako ndani ya uwezo wa ofisi yako. Agiza kwamba ripoti ya mkaguzi wa hasara inakabidhiwa kwa mwenye bima siku ileile inapokabidhiwa kwa kampuni, ikiwa na sahihi na namba ya leseni yake, na ikieleza kama alipanda juu au hakupanda. Agiza kwamba kila barua ya fidia inabeba hesabu yote: vipimo, bei na bei hiyo imetoka duka gani au kwa nani, uchakavu umekatwa kwenye kitu gani na kwa jedwali gani. Ujira wa mafundi usikatwe uchakavu. Na pale pande mbili zinapotofautiana, kampuni ilipe kwanza kile ambacho haina ubishi nacho, bila kumfunga mdomo anayepokea, ugomvi ubaki kwenye tofauti. Kwangu tofauti hiyo ni shilingi 8,266,000. Tungekuwa tunabishania hizo huku sebule ikiwa na bati.

Kwenu wakurugenzi: hamhitaji kusubiri agizo. Zungusheni skrini. Yule ofisa wenu alifanya hivyo kwa dakika mbili, na ni mara ya pekee tangu Aprili niliyotoka kwenye jengo lenu nikiwa najua nimesimama wapi. Na ajirini hata mtu mmoja anayejua bati na kenchi, au mchukue mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa pale makadirio yanapopishana kiasi hiki. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya watu kuacha kuamini bima. Wenzangu kwenye chumba cha walimu wananiuliza kila wiki kama nimelipwa. Watatu walikuwa na mpango wa kukata bima ya nyumba mwaka huu. Wanasubiri waone yangu inaishaje.

Bati zote zilizong'oka nimezipanga nyuma ya nyumba, zile 14 zilizokufa zikiwa wima nimezitenga kando, na matundu ya misumari nimeyazungushia chaki nyekundu. Ngazi ipo. Atakayetumwa aje saa yoyote baada ya saa tisa alasiri nikishatoka shule, au Jumamosi kutwa. Turubai la sebule limeshachanika sehemu mbili, na mvua za vuli huanza Oktoba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa hesabu,
Kinyerezi, Dar es Salaam.